Joto la kukandia Johannesburg: nani anailinda ngozi ya mnunuzi?

Johannesburg imejengwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hupenya hadi mifupani. Katika majira hayo, wenye maumivu ya mgongo, mabega na magoti hutafuta joto. Miongoni mwa bidhaa zinazowangojea madukani na kwenye intaneti ni vifaa vya kukandia mwili vinavyoshikwa mkononi, ambavyo hutetemeka, hupasha joto na vingi huchajiwa kama simu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki wazo hili si geni. Kwenye pwani yetu, mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na mkandaji huyapima maji kwa mkono wake kabla hayajamgusa mzazi. Kifaa cha umeme hakina mkono wa kupimia. Jukumu hilo limeachiwa ngozi ya mtumiaji mwenyewe.

Faida ya joto haipingwi. Hupanua mishipa ya damu, hulegeza misuli iliyokaza na hutuliza maumivu kwa muda. Tathmini ya tafiti iliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2006 ilionyesha kwamba joto la juu ya ngozi huleta nafuu ndogo ya muda mfupi kwa maumivu ya mgongo yasiyo ya siku nyingi. Hiyo ni nafuu tu, na haitoshi kuliita joto tiba ya maradhi.

Hatari nayo inajulikana tangu zamani. Mwaka 1947, watafiti Moritz na Henriques wa Marekani walionyesha kwamba ngozi iliyoguswa na joto la nyuzi 44 za Selsiasi huungua baada ya takriban saa 6, ilhali kwa nyuzi 60 sekunde 5 zinatosha. Kwa kawaida maumivu humfanya mtu aondoe kifaa mapema. Lakini itakuwaje kwa asiyehisi?

Swali hilo lina uzito wa pekee nchini Afrika Kusini. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu neva za miguu. Aidha, nchi hiyo ina takriban watu milioni 8 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na virusi vyenyewe vinaweza kudhuru neva. Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali mwaka 2004, stavudine ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kupewa wagonjwa. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini baadhi ya waliomeza walibaki na ganzi na maumivu miguuni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua, na mwaka 2010 Afrika Kusini ikaanza kuwapa wagonjwa wapya tenofovir badala yake.

Ajabu ya mambo ni kwamba mwenye miguu inayouma na kufa ganzi ndiye mwenye sababu kubwa ya kununua kifaa cha joto, na ndiye anayepaswa kukiogopa zaidi. Kidonda cha moto kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari huweza kuishia kwa mguu kukatwa.

Je, sheria inasemaje? Anayetaka kuitwa mtaalamu wa tiba ya kukanda sharti asajiliwe na baraza la AHPCSA, chini ya sheria namba 63 ya mwaka 1982. Vifaa tiba viko chini ya mamlaka ya SAHPRA, iliyoanza kazi mwaka 2018. Usalama wa bidhaa za umeme zilizowekewa masharti ya lazima husimamiwa na NRCS, iliyoundwa mwaka 2008.

Hata hivyo, kifaa huhesabiwa kuwa kifaa tiba kutokana na matumizi aliyoyakusudia mtengenezaji. Sanduku likiandikwa kwamba kinatibu baridi yabisi, mlango wa SAHPRA unafunguka. Likiandikwa kwamba kinaburudisha mwili, bidhaa ile ile hupita kama chombo cha nyumbani. Kwa maneno mengine, mkono wa mkandaji unahitaji usajili, lakini mashine inayofanya kazi ya mkono huo inaweza kuuzwa kwa yeyote.

Kinga inayobaki ni Sheria ya Kumlinda Mlaji, namba 68 ya mwaka 2008. Kifungu cha 22 kinadai maelezo yaeleweke kwa mnunuzi wa kawaida. Kifungu cha 61 kinamwezesha aliyejeruhiwa kumdai mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji au muuzaji bila kuthibitisha uzembe, mradi afungue madai ndani ya miaka 3.

Kwenye karatasi, hiyo ni sheria yenye meno. Lakini mhamiaji wa Kikongo au Kitanzania anayeishi Yeoville au Hillbrow, aliyenunua bila risiti na anayeogopa kuulizwa vibali vyake, ataanzia wapi? Na kifaa kikipakiwa kwenye basi na kupelekwa zawadi kwa mama aliyeko Lubumbashi, onyo lililoandikwa kwa Kiingereza halitamsaidia mzee huyo.

Dawa ya tatizo hili haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Wasimamizi wanaweza kudai sanduku litaje kiwango cha juu cha joto, na onyo kwa wenye ganzi liwe upande wa mbele, kwa lugha zinazosemwa na wanunuzi. Kliniki zinaweza kumuuliza kila mgonjwa wa kisukari anatumia nini kujipasha joto nyumbani.

Hadi hapo, ushauri wa kitabibu unabaki mmoja: sehemu ya mwili isiyohisi joto isiwekewe joto, na mguu uliovimba ghafla usikandwe kabla daktari hajauona, kwani huenda ndani yake kuna damu iliyoganda. Maneno hayo machache yangeenea kwenye sanduku lolote. Kuyaandika hapo ni kazi ya wauzaji, na kuwashurutisha wayaandike ni kazi ya serikali.