Mlango wa Jiko

Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo kilicho chini ya jiko la mkaa, nacho ni mlango wa hewa. Wengi hudhani ni wa kutolea majivu tu, na bawaba yake ikikatika huutupa, wakaendelea kupika. Hasara yake hawaioni, maana mkaa huteketea kimya kimya.

Majiko yenye chungu cha udongo ndani na bati nje yalianza kuenea kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Watu wa Kenya walichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakalibadili umbo. Kisha Dar es Salaam nayo ikapata lake, likaitwa jiko bora. Chungu hukaa juu, kitako chake kina matundu. Chini yake ni chumba cha majivu, na mlango ndio ufungao chumba hicho. Hewa huingia hapo, hupanda kwa matundu, huufikia mkaa. Ukiufungua wote, moto huwaka kwa nguvu. Maharage yakianza kuchemka, ubane, ubakishe upenyo wa kidole tu.

Basi ukienda kununua jiko Kariakoo au kwa mafundi wa Gerezani, usitazame rangi yake. Shika mlango, uufungue na kuufunga mara kadhaa. Bati la mlango liwe kubwa kuliko tundu lake pande zote, lilale sawa juu ya ukingo. Likipinda, hewa hupita hata ukifunga. Usiku weka kurunzi ndani ya chumba cha majivu, ufunge: pale mwanga uonekanapo ndipo mkaa wako unapopotea. Tena bawaba isikazwe mno, kwa kuwa bati hutanuka likipata moto, na mlango uliobana baridi hukwama jikoni. Fundi akitia ribiti mpya, mwambie agonge pole pole, la sivyo mtikiso utapasua udongo. Mafuta msitie, hushika majivu, yakawa uji mgumu.

Majivu na yatolewe kila siku kabla ya kuwasha. Yakijaa hata kugusa matundu, utapepea mpaka mkono uchoke, nawe utalaumu mkaa wa watu. Yakilala humo na unyevu, hula bati, na mara nyingi ukingo wa mlango ndio huanza. Tundu lililoziba lizibuliwe kwa kijiti, wala si kwa msumari na nyundo.

Sasa nisemalo ni zito. Masika yakija, sisi wa Jangwani na mabonde ya Msimbazi huingiza jiko chumbani, na mtu husema, "Moshi umekwisha, nimefunga na mlango, hakuna neno." Neno lipo. Mkaa ulionyimwa hewa hutoa kwa wingi sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamshwi nayo. Kuubana mlango kwaokoa mkaa. Hakumwokoi mtoto aliye kitandani. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwashika watu wa nyumba moja pamoja, tokeni nje upesi, kisha mwende hospitali. Jiko na lipikiwe barazani chini ya paa, na usiku lilale nje, hata likiwa na makaa machache. Bibi atakayesema litaibiwa, mimi namjibu: na liibiwe.

Na jiko lililolowa? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 vitu vya nyumbani vilikaa majini siku kadhaa, na mvua kubwa zingali zikituletea hayo. Chungu kilichonywa maji kikiwashwa papo hapo, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Kianikwe kwanza kivulini, kisha juani siku kadhaa, ndipo uwashe moto mdogo, mlango ukiwa nusu wazi. Ufa mwembamba waweza kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa pamoja na majivu. Ukifika kwenye matundu, mpelekee fundi abadili chungu, naye aupime mlango upya, maana chungu kipya hakikai daima pale kilipokaa cha zamani.