Mashine ya Michezo au ya Masomo?

Sisi tunaomaliza Kidato cha Sita mwaka huu tumeanza kubishana bwenini juu ya kompyuta mpakato za kwenda nazo chuoni. Wengi wataka ile ya michezo, yenye kadi kubwa ya picha, na kwa wazee wao husema ni ya masomo.

Hapana shaka ina nguvu. Lakini huwa na uzito wa kilo 2 na zaidi, na chaja yake ni kama tofali, nyingine hufika wati 330. Ukiichomoa katika umeme, nguvu ile hupungua, na betri huisha baada ya saa chache. Feni zake nazo huvuma maktabani kama cherehani! Ile nyepesi ina kilo 1 na kidogo, chaja yake ni ya wati 30 hadi 65, nayo yaweza kushinda nawe katika mihadhara bila waya. MacBook Air, tangu ile ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, haina feni kabisa.

Atakayesoma usanifu wa majengo ana haki ya kuomba ile nzito, kwani michoro yake hulemea mashine ndogo. Lakini anayekwenda kusoma sheria au ualimu, atamwambia nini baba aliyeuza ng'ombe? Insha haihitaji kadi ya picha. Kama ni michezo anayotaka, na aseme hivyo, wazee waamue wakijua. Mimi nimeomba nyepesi, tena iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu ya GB 16. Fedha itakayobaki itanunua godoro.