Tumbo la Sungura Halilali

Katika nyumba nyingi sungura huingia kwa ombi la mtoto. Hununuliwa angali mdogo, hutengenezewa banda la mbao uani, na tangu siku hiyo kila mwenye mapenzi naye humpelekea alicho nacho mkononi: kipande cha mkate, ukoko wa ugali, ganda la ndizi, karoti. Miezi michache ikipita, mnyama huonekana amejikunyata pembeni, hali wala hanywi. Na kabla wakubwa hawajaafikiana la kufanya, amekwisha kufa. Mtoto huambiwa kuwa siku zake zimefika, na hilo halina ubishi. Lakini sababu mara nyingi imo katika chakula alichopewa. Juma hili tungependa kulizungumzia tumbo la mnyama huyu, kwa kuwa anayelifahamu hatamlisha kwa kubahatisha.

Sungura wa kufugwa si yule mjanja wa ngano zetu. Yule ni sungura wa porini mwetu, jamaa yake wa mbali. Huyu wa bandani asili yake ni Hispania na kusini mwa Ufaransa, ambako mababu zake waliishi kwa kutafuna nyasi ngumu na majani makavu. Chakula hicho kina nyuzinyuzi nyingi na lishe haba, na Mwenyezi Mungu amempa kiumbe huyu mwili wa kukitumia: meno yasiyokoma kuota maishani mwake mwote, na utumbo unaopaswa kusukuma chakula usiku na mchana bila kupumzika.

Kinachousukuma utumbo huo ni nyuzinyuzi. Chakula kikifika mwanzoni mwa utumbo mpana, hutengwa. Vipande vigumu hupita na kutoka vikiwa gololi kavu tunazoziona bandani. Vilivyo laini hurudishwa katika mfuko mkubwa ambamo bakteria wenye manufaa huvichachusha. Humo hutoka kinyesi cha aina ya pili, laini na chenye kung'aa, mfano wa kishada kidogo cha zabibu, ambacho sungura hukila papo hapo kinapotoka mwilini mwake, aghalabu usiku au alfajiri. Mzazi akiliona jambo hilo asimkemee, wala asidhani kuwa mnyama amezidiwa na njaa. Ndani yake mna protini na vitamini za kundi B. Ng'ombe hucheua ili anufaike na majani. Sungura naye hukirudia chakula chake kwa njia hii.

Sasa na tuutazame mkate, ugali, biskuti na pumba. Hivi vimejaa wanga au sukari, na havina nyuzinyuzi ndefu za kuusukuma utumbo. Bakteria wabaya hupata karamu, gesi hujaa, na mwendo wa utumbo hupungua. Sungura hana uwezo wa kutapika, hivyo kilichoingia hakina pa kurudi. Maumivu humfanya aache kula, na kuacha kula huzidi kuusimamisha utumbo. Meno nayo, yakikosa nyasi za kuyasaga, hurefuka na kuchoma ulimi na mashavu, na kutafuna kukawa mateso.

Basi alishwe nini? Kwanza nyasi, ziwepo mbele yake saa zote. Kila siku apate fungu lisilopungua ukubwa wa mwili wake mwenyewe. Marobota ya nyasi kavu wanazouziwa wafuga ng'ombe yanafaa, mradi hayana ukungu wala vumbi. Nyasi mbichi nazo ni njema zikikatwa mahali pasipopigwa dawa. Zile zilizolundikwa zikapata joto zisitumike. Pili, majani mabichi yaliyooshwa, kwa kubadilisha badilisha: mchunga, matembele, mchicha, kotimiri, majani ya karoti. Karoti yenyewe ina sukari. Kipande kidogo mara moja au mbili kwa juma kinatosha, na matunda vivyo hivyo. Chakula cha punje cha dukani kisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa sungura mzima kwa siku. Maji safi yasikosekane, kwani hunywa mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake, na wakati wa joto zaidi ya hapo.

Kisamvu kibichi kina sumu. Majani ya nyanya na ya viazi mbatata, parachichi pamoja na majani yake, na vitunguu vya kila aina, vyote viwekwe mbali naye. Na aliyezoea pumba asiachishwe kwa siku moja. Abadilishiwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, ili bakteria wa tumboni wapate kuzoea.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mnyama anapougua, hutokea mtu wa nyumbani akachukua dawa iliyobaki ya mgonjwa, kama vile amoksilini au ampisilini, akaikoroga na maji na kumnywesha. Dawa za jamii hiyo zikipitia kinywani huwaua bakteria wema wa sungura na kuwaacha wabaya watawale, na sungura huweza kufa kwa tiba badala ya ugonjwa. Dawa itoke kwa daktari wa mifugo, tena aambiwe waziwazi kuwa mgonjwa ni sungura.

Sungura ni windo la wanyama wengi, na kwa hiyo huficha maumivu yake mpaka yamzidi. Hatalia wala hatagugumia. Huenda akasaga meno tu. Dalili iliyo wazi tutaipata sakafuni mwa banda. Gololi kubwa, za mviringo, zenye kuonyesha nyasi ndani yake ni habari njema. Zikiwa ndogo, zenye umbo baya, au zimekosekana, hatari imeingia. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi asingojewe mpaka kesho. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tunawashauri wazazi wamkabidhi mtoto kazi hii kila asubuhi kabla ya kwenda shule: aweke nyasi, abadilishe maji, azitazame gololi na kuwapa wakubwa habari. Mkubwa naye asiache kuhakikisha, kwani mtoto husahau. Mnyama aliye huru hujitafutia majani yamfaayo, lakini tuliyemfungia hana ila tunachompelekea, naye ni amana mikononi mwetu.

Tukutane juma lijalo, Inshaallah.