Muuguzi wa Mutoshi hawezi kuishi kwa mawaidha

Ajali inapotokea migodini Lualaba, anayepokea majeruhi kwanza ni muuguzi wa zamu. Ndivyo ilivyokuwa Juni 27, 2019, mgodi ulipoporomoka Kolwezi na kuua wachimbaji wasiopungua 43. Siku kama hiyo kila mtu humsifu munganga. Wiki ikipita, sifa huisha na malalamiko hurudi.

Malalamiko yenyewe yanajulikana Mutoshi na mitaa mingine ya Kolwezi: lugha kali kwa mama anayejifungua, pesa inayodaiwa kabla ya sindano, zamu ya usiku isiyo na mtu. Hayo ni makosa, na mgonjwa ana haki ya kulalamika. Kosa jingine, hata hivyo, ni kudhani kwamba yote yanatokana na roho mbaya, na kwamba semina ya maadili kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, itatosha kuyaponya.

Mzizi wa kwanza ni malipo. Nchini Kongo wauguzi wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wapo wanaopata posho ya hatari peke yake, na wapo wasiopata hata hiyo. Hao huishi kwa kugawana kile ambacho wagonjwa wamelipa. Mfumo wa namna hiyo humfanya mgonjwa kuwa mshahara wa anayemtibu. Na katika mji ambako kodi ya nyumba na bei ya unga hufuata pesa za migodi, kishawishi huwa kikubwa zaidi.

Mzizi wa pili ni vifaa. Muuguzi asiye na glavu, maji wala taa hulazimika kuchagua kati ya kanuni alizofundishwa na usalama wake. Wa tatu ni usimamizi. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Chama cha Kitaaluma cha Wauguzi, chenye kazi ya kuwaandikisha na kuwawajibisha. Lakini mgonjwa aliyetukanwa wodini mara nyingi hajui kwamba chombo hicho kipo, wala pa kukipata.

Mutoshi yenyewe ina funzo. Kati ya 2018 na 2020, mradi wa majaribio wa kampuni ya Chemaf, mfanyabiashara wa madini Trafigura na shirika la Pact ulijaribu kupunguza hatari kwa wachimbaji wadogo. Haukuanza na mahubiri peke yake. Eneo lilizungushiwa uzio, walioingia walikaguliwa, wachimbaji wakapewa kofia ngumu na glavu. Kama mchimbaji alihitaji vifaa na utaratibu ili afanye kazi salama, kwa nini muuguzi adaiwe nidhamu mikono mitupu?

Pesa haziwezi kuwa kisingizio. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, na inazipa serikali za mitaa asilimia 15 ya mrabaha wa madini. Tatizo ni kwamba jengo jipya huzinduliwa kwa utepe na kamera, ilhali posho ya zamu ya usiku haina utepe wa kukata.

Jimbo lianze na mambo matatu: kuhakiki orodha ya wauguzi wote wanaofanya kazi bila mshahara na kuidai Kinshasa iwaingize kwenye malipo, kutumia sehemu ya mrabaha kwa vifaa na posho za zamu, na kubandika bei za huduma mlangoni mwa kila kituo, pamoja na namba ya kupokea malalamiko.

Hayo yakitimizwa, muuguzi anayemdai mgonjwa pesa ya siri hatakuwa na pa kujificha, na Chama chake kimwadhibu bila huruma. Kabla ya hapo, anayemhukumu muuguzi peke yake anawaachia huru waliomweka katika hali hiyo. Na anayeendelea kulipia ni mgonjwa.