Kamera Iwafuate Madereva wa Handeni na Korogwe

Iko picha moja ambayo kila mwendesha chombo cha moto hutembea nayo mchana kutwa wala haitazami, nayo ni picha yake mwenyewe iliyomo katika leseni. Huitoa mfukoni pale tu askari wa usalama barabarani anapomnyoshea mkono. Askari huitazama picha, humtazama mtu, kisha huirudia picha. Dakika hiyo ndiyo inayopima thamani ya leseni nzima. Ikiwa sura ya kwenye kadi na sura ya kwenye usukani zimepishana, basi jina, namba na muhuri havitoshi kumwambia askari anaongea na nani.

Tumelizungumza jambo hili kwa sababu ya hali tunayoiona katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza leseni ya dereva wa Korogwe inawahusu nini wao waliozungukwa na bahari. Inawahusu sana. Mboga na viazi vya milima ya Usambara, mahindi ya Handeni, machungwa ya Muheza, vyote hushuka kwa magari hadi bandari ya Tanga kabla ya kupakiwa chomboni kwenda Mkoani au Wete. Aidha, wapo ndugu zetu wengi wa Pemba waliofanya maskani upande huu wa bahari, na wanapotoka Tanga kwenda Moshi au Dar es Salaam hawana budi kupita Segera, ambayo imo Handeni, au Korogwe yenyewe. Usalama wao njiani umo mikononi mwa madereva hawa hawa.

Tuanze na kanuni ilivyo. Upande wa Bara leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na polisi ndio wapimao uwezo wa dereva. Mwaka 2010 zilianza kutolewa leseni mpya za kadi, na tangu hapo mwombaji haleti tena picha aliyoipiga studio. Sharti afike ofisini yeye mwenyewe, apigwe picha na kamera ya ofisi, achukuliwe alama za vidole na saini yake. Mabadiliko hayo tuliyaunga mkono na tunayaunga mkono hadi leo. Picha ya kugandishwa kwa gundi iliweza kubanduliwa ikabandikwa nyingine, na waliokuwa na ujuzi wa kazi hiyo hawakuwa wachache.

Hasara ya mabadiliko hayo ilimwangukia mpiga picha wa mjini, ambaye kwa miaka mingi alikula mkate wake kutokana na picha ndogo za paspoti. Wazee wa Unguja wanaikumbuka Capital Art Studio, iliyofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930, na jinsi mtu alivyokwenda kupigwa picha amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono. Mpiga picha wa namna ile alijua namna ya kuweka taa ili uso mweusi uonekane uso. Baadhi ya kamera za ofisini leo humkalisha mtu penye dirisha nyuma yake, na sura ikatoka kama kivuli cha mtu ukutani. Si jambo dogo. Askari akiwa barabarani saa moja jioni na kadi yenye kivuli, anathibitisha nini?

Hapo kabla leseni ilidumu miaka 3 kwa ada ya shilingi 40,000. Mwaka 2019 Serikali ilirefusha muda huo hadi miaka 5, na ada ikawa shilingi 70,000. Wako waliolalamika kwamba ada imepanda, lakini hesabu ni nyepesi: zamani mwaka mmoja wa leseni uligharimu shilingi 13,333, na kwa ada hiyo mpya uligharimu 14,000. Tofauti haifiki hata shilingi elfu. Kwa hiyo ada hatuigombi. Tunachotaka kiangaliwe ni kwamba miaka mitano ni mingi katika uso wa kijana. Aliyepigwa picha akiwa na miaka 18, hana hata unywele mmoja kidevuni, akifika miaka 23 amekwishaota ndevu, amenenepa, na pengine amepata kovu la ajali. Bibi aliyepigwa picha akiwa mgonjwa aweza kupona akarudi mwili wake wote. Miaka mitano ni ya kutosha kabisa mtu kubadilika, na katikati ya muda huo hakuna anayemhimiza aende akapigwe picha upya.

Athari yake twaijua. Picha ikishakuwa mbali na uso, leseni moja hutumiwa na watu wawili. Kaka hulala, mdogo wake akachukua pikipiki na kadi, na kwa kuwa wamefanana, na kwa kuwa picha yenyewe ni ya miaka minne nyuma, wote wawili ni yeye. Abiria aliyepakiwa hana njia ya kujua. Siku ajali inapotokea kule Kwamsisi au kwenye mteremko wa Bungu, ndipo inapogundulika kwamba aliyekuwa akiendesha hakuwahi kufanya mtihani wowote, na bima inakuwa na sababu ya kukunja mikono. Anayebaki na mguu uliovunjika ni mama aliyekuwa akienda kliniki.

Sasa tumtazame dereva huyo kwa haki. Wilaya hizi ni pana. Kutoka Korogwe mjini hadi Handeni mjini ni kilomita 65 za lami, na hiyo ndiyo sehemu nzuri ya safari. Anayekaa Sindeni, Kwamatuku, Mashewa au Vugiri hana budi kwanza kuifikia hiyo lami, na mvua za masika zinapoiandama barabara ya udongo, safari ya asubuhi huishia jioni. Mwendesha bodaboda akienda mjini kupigwa picha amepoteza kipato cha siku hiyo. Akiambiwa kwamba mtandao haupo, arudi kesho, amepoteza cha siku mbili, na usiku wa katikati atautafutia pa kulala. Mwaka 2021 Serikali ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Ilikuwa huruma iliyostahili, na tuliipokea kwa shukrani. Lakini mtu mwenye akili ya hesabu ataweka faini hiyo upande mmoja na siku mbili za kutofanya kazi upande mwingine, kisha ataamua kubaki kijijini na picha yake ya zamani. Hatuwezi kumwita mhalifu mtu aliyepiga hesabu sawasawa. Ni juu ya wakubwa wahusika kuigeuza hesabu hiyo.

Je, inawezekana? Jawabu limekwisha kupatikana hapa hapa nchini, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura kwa mashine za kielektroniki zilizopelekwa hadi vijijini. Mtu alikaa kwenye kigoda, akapigwa picha, akaweka vidole, na kadi yake ikatoka papo hapo. Kisha ikaja kazi ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole, iliyoanza Mei 2019 na kufikia kikomo tarehe 20 Januari 2020. Nani hakuwaona vijana waliokaa chini ya miavuli katika kila gulio, wameshika kijimashine kisichozidi kiganja, wakikilinganisha kidole cha bibi kizee na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa? Kama kampuni za simu ziliweza kumfuata mteja hadi chini ya mwembe, na Tume ikamfuata mpiga kura hadi kijijini, hatuoni sababu ya dereva peke yake kuambiwa aifuate kamera mjini.

Tunapendekeza, basi, kwamba ofisi za mapato katika wilaya hizi mbili, zikishirikiana na polisi wa usalama barabarani na Halmashauri zote nne za miji na wilaya, ziweke ratiba ya kamera ya kutembea. Siku za gulio zinajulikana. Vituo vya bodaboda vinajulikana na viongozi wao wanajulikana. Mombo, Magoma, Hale, Mkata, Kabuku na Segera ni mahali ambapo watu hukusanyika wenyewe bila ya kupigiwa mbiu. Msomera nako kusisahauliwe, maana tangu mwaka 2022 zimehamia huko familia nyingi kutoka Ngorongoro, na haikosi miongoni mwao wako waendesha pikipiki ambao karatasi zao bado zinataja makazi waliyoyaacha.

Pendekezo la pili ni gumu zaidi kwa kuwa linagusa mazoea ya ofisi. Kubadili picha kutenganishwe na kuhuisha leseni. Haki ya kuendesha ni kitu kimoja, na sura ya mwenye haki hiyo ni kitu kingine. Uingereza walikwisha kuvitenga. Tangu leseni zao zilipoanza kuwa kadi za picha mwaka 1998, haki ya dereva wa kawaida hudumu mpaka afike miaka 70, lakini picha sharti ibadilishwe kila baada ya miaka 10, na asiyeibadilisha aweza kutozwa faini ifikayo pauni 1,000. Mwenye pasi ya kusafiria ya nchi hiyo aweza kuruhusu picha ya pasi ihamishiwe kwenye leseni bila yeye kuondoka nyumbani. Hatusemi tuige miaka yao. Sura hazizeeki kwa kasi moja, na miaka 10 kwa maoni yetu ni mingi mno. Tunachokitamani ni ule utaratibu wa kumruhusu mtu kubadili picha tu, kwa gharama ya kadi tu, wakati wowote sura yake inapobadilika, bila kumrudisha katika foleni ya anayeanza udereva.

Na kwa nini mtu apigwe picha mara nne na Serikali moja? Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilipitishwa mwaka 1986. Mamlaka ya vitambulisho iliundwa mwaka 2008, na kadi zikaanza kutoka mwaka 2013. Mlipa kodi leo hapati namba yake bila ya namba ya kitambulisho cha taifa. Maana yake ni kwamba ofisi ya mapato na ofisi ya vitambulisho zimekwisha kujuana. Dereva akipigwa picha nzuri katika ofisi moja, picha hiyo ipelekwe kwa nyingine, ili mtu mmoja asiwe na nyuso nne katika makabati manne, kila moja ya mwaka wake.

Kwa upande wa visiwani liko jambo ambalo maofisa wa pande mbili wangepaswa kulikalia kikao. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, ya mwaka 2003, na hutoa leseni zake. Polisi ni jambo la Muungano, leseni si jambo la Muungano. Kwa hiyo askari anayeisoma picha pale Korogwe ni wa nchi nzima, ila kamera iliyoipiga picha hiyo ni ya upande mmoja. Mpemba anayeendesha lori kati ya Tanga na Mombo kwa leseni ya nyumbani, sura yake inapobadilika, hana budi kuvuka bahari kwa ajili ya picha ya ukubwa wa stempu. Wazanzibari wana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi tangu sheria yake ya mwaka 2005, na sheha humjua mtu wake kwa uso na kwa ukoo. Kumbukumbu zipo, na watu wa kuzithibitisha wapo. Kinachokosekana ni ruhusa ya ofisi ya Tanga kuipiga picha na ofisi ya Unguja kuipokea.

Tumesikia pia hofu ya akina mama kwamba wataamriwa kuvua ushungi mbele ya kamera na mbele ya foleni ya wanaume. Agizo liandikwe wazi na kubandikwa mlangoni: uso uonekane kuanzia paji hadi kidevu, basi. Na pale inapobidi kurekebisha nguo, kiwepo chumba au pazia, na afisa wa kike awepo. Haligharimu hata senti moja ya bajeti kuandika tangazo la mistari miwili.

Kwa madereva wenyewe tunalo neno fupi. Kamera ikija kijijini, asijifiche mtu kwa kuogopa kwamba kadi ya zamani itachunguzwa. Na viongozi wa vituo vya bodaboda wakatae kuandika katika daftari zao jina la mtu ambaye leseni yake ina uso wa mwingine. Hilo halihitaji kamera wala mtandao, laweza kuanza asubuhi ya kesho.

Mikutano ya Halmashauri za Handeni na Korogwe hufanyika kila robo ya mwaka, na kikao cha usalama barabarani cha mkoa hakikosi kuitishwa. Tunawaomba waheshimiwa madiwani waliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na mwakilishi wa ofisi ya mapato aje na majibu mawili: ni kamera ngapi ziwezazo kutoka nje ya jengo, na ni gulio lipi litakalotembelewa kwanza. Sisi tutaichapisha ratiba hiyo bila malipo siku tutakapoletewa.