MAONI YA SOKO: Taa nne za betri si kipimo cha bei

Mfanyabiashara anayenunua mpunga hufungua gunia kwanza. Humimina kiasi kiganjani, huangalia chuya na unyevu, ndipo hutaja bei. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua baiskeli ya umeme iliyotumika, hubonyeza kitufe cha betri, huona taa nne zinawaka, na hulipa. Kwa maoni yetu, huko ni kununua gunia bila kulifungua.

Taa hizo kwa kawaida husoma volti tu. Volti hudokeza betri imejazwa kiasi gani. Hazisemi betri yenyewe inabeba umeme kiasi gani baada ya miaka ya matumizi. Betri mpya iliyojaa na betri chakavu iliyojaa zote huwasha taa nne. Tofauti huonekana barabarani.

Hata hicho kiasi cha chaji, taa hukikadiria tu. Volti za betri ya lithiamu hushuka upesi mwanzoni, hutulia kwa muda mrefu katikati, kisha huporomoka mwishoni. Ukipanda mlima taa hupungua, ukisimama hurudi. Anayetaka ukweli aiache betri ipumzike kama nusu saa, kisha apime kwa mita ya fundi. Betri nyingi zinazouzwa kama za volti 36 zikijaa husoma takriban 42. Za volti 48 husoma 54.6. Chaja ikionyesha imemaliza kazi na mita ikasoma pungufu sana, kuna kasoro.

Kipimo cha thamani ni wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ilitoka kiwandani na wati-saa 360. Kujua zilizobaki, itumie mpaka ijizime, kisha ichaji kupitia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, inayohesabu umeme ulioingia. Toa kama asilimia 15 zinazopotea kwenye chaja. Kinachobaki ndiyo bidhaa unayonunua.

Tuchukue mfano wa hesabu. Betri mpya ya aina hiyo ikiuzwa Sh. 400,000, kila wati-saa ni kama Sh. 1,110. Iliyotumika ikiuzwa Sh. 250,000 inaonekana rahisi. Lakini ikiwa imebakiwa na nusu ya uwezo, yaani wati-saa 180, kila moja inakugharimu karibu Sh. 1,390. Umelipa zaidi kwa mali iliyochakaa, na ambayo itaendelea kuchakaa mikononi mwako.

Si ajabu kwamba katika biashara ya bodaboda za umeme Nairobi na Kigali, kampuni kadhaa zimebaki na umiliki wa betri, na waendeshaji hubadilishiwa vituoni kwa malipo. Kwa mpango huo, hasara ya uchakavu haimwangukii mwendeshaji. Mnunuzi wa baiskeli ya mkononi hana kinga hiyo. Kinga yake ni kupima.

Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu akiruhusu betri ipimwe kwa siku moja na wati-saa zilizopatikana ziandikwe kwenye risiti. Akikataa, hesabu betri hiyo kama haina thamani, lipia baiskeli peke yake, au uondoke na fedha zako.