Nyuklia ya Iran, urani ya Kongo: nani anamkagua nani?

Mwaka 2025 uliisha wakati wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, hawakuwa wamerudi Fordow. Tangu ndege za Marekani ziliposhambulia mitambo ya Fordow, Natanz na Isfahan usiku wa kuamkia Juni 22, hadi mwisho wa mwaka huo hakuna mkaguzi aliyekuwa ameingia humo kuhesabu kilichobaki. Kilo 440.9 za urani iliyorutubishwa kwa asilimia 60, ambazo IAEA ilikadiria kuwa mikononi mwa Iran katikati ya Juni, hazikuwa zimeonwa tena na jicho la mtu asiye wa upande wowote.

Kwa mvuvi wa ndagala anayetoka rasi ya Ubwari jioni na taa zake, au motari anayesubiri abiria katika mji wa Baraka, habari hiyo inaonekana kuwa ya mbali. Lakini inagusa Fizi kwa njia tatu. Urani iliyofungua enzi ya bomu ilitoka Kongo. Bei ya esansi inayosukuma pikipiki na boti za ziwa Tanganyika hutetemeka kila Ghuba inapotetemeka. Na Januari 1, 2026, Kinshasa iliingia katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka miwili, mahali ambapo mzozo huu unapigiwa kura.

Namna mambo yalivyofika hapa

Iran ni mwanachama wa Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970. Mkataba huo ni kama mapatano ya pande mbili: nchi isiyo na bomu inaahidi kutolitafuta na kukubali ukaguzi, nayo inabaki na haki ya kutumia nyuklia kwa umeme, matibabu na utafiti. Kongo nayo ilijiunga mwaka huo huo wa 1970.

Julai 14, 2015, huko Vienna, Iran ilikubaliana na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China kwamba haitarutubisha urani kupita asilimia 3.67, wala haitaweka akiba inayozidi kilo 300. Ukaguzi ulikuwa mkali kuliko wakati wowote. Kwa malipo, vikwazo vya uchumi vingeondolewa. Mei 8, 2018, rais Donald Trump aliitoa Marekani katika makubaliano hayo na kurudisha vikwazo, ingawa ripoti za IAEA zilikuwa zikisema Iran inayatekeleza. Mwaka uliofuata Iran ikaanza kuvuka mipaka hatua kwa hatua, na kufikia Aprili 2021 ikawa inarutubisha kwa asilimia 60. Urani ya bomu ni karibu asilimia 90. Kwa kipimo cha IAEA, kilo 42 hivi za asilimia 60, zikirutubishwa zaidi, zinatosha kwa bomu moja.

Juni 12, 2025, bodi ya magavana wa IAEA ilipitisha azimio kwamba Iran haitimizi wajibu wake wa ukaguzi. Kura 19 ziliunga mkono, 3 zilipinga, yaani Urusi, China na Burkina Faso, na nchi 11 hazikuegemea upande. Kesho yake alfajiri Israeli ikaanza kupiga mabomu. Baada ya vita vya siku 12, Iran ilitunga sheria ya kusimamisha ushirikiano na wakaguzi. Septemba 9 ilikubali, huko Cairo, utaratibu wa kuwarudisha. Lakini Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilikuwa tayari zimeanzisha mchakato wa kurudisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na mwisho wa Septemba vikarudi. Novemba bodi ilipoidai Iran taarifa kamili juu ya akiba yake, Teheran ikatangaza kwamba makubaliano ya Cairo yamekufa.

Etiketi na kufuli

Ukaguzi wa nyuklia si siri kubwa. Mtu wa Fizi anayejua biashara ya koltani au kasiteriti anaweza kuuelewa haraka. Gunia linatoka kwenye shimo, linapimwa, linafungwa kwa etiketi yenye namba, linaandikwa kwenye daftari. Likifika kwa mnunuzi, namba na uzito lazima vilingane. Visipolingana, kuna gunia lililopita mlango wa nyuma.

IAEA inafanya hivyo hivyo kwa urani: inapima, inafunga kwa kufuli lisilofunguliwa bila kujulikana, inaweka kamera, kisha inarudi kulinganisha daftari na mali. Na kama ilivyo kwenye machimbo, etiketi haina nguvu yenyewe. Nguvu yake ni kwamba mtu anaweza kuja siku yoyote na kuhesabu. Siku mkaguzi anapozuiwa, hata mwenye daftari safi hawezi kuthibitisha usafi wake, na mwenye kumshuku anaweza kudai lolote.

Hapo ndipo pande zote mbili zina hoja. Nchi za Magharibi zinauliza: nchi inayosema inataka umeme tu inahitaji asilimia 60 ya nini, wakati kinu cha kawaida cha umeme kinatumia chini ya asilimia 5? Iran inajibu kwamba mitambo iliyokuwa chini ya ukaguzi ilipigwa mabomu na nchi mbili, moja ikiwa na bomu na nyingine, Israeli, ikiwa haijawahi kutia saini mkataba wala kuruhusu kinu chake cha Dimona kikaguliwe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hoja ya pili haifuti ya kwanza, na ya kwanza haifuti ya pili.

Jiwe la Shinkolobwe

Kongo inaingia katika hadithi hii mapema kuliko Iran. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, uligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière ilichimba humo madini yenye urani nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka karibu tani 1,200 New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likainunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945, ilitoka katika shimo hilo. Wachimbaji wa Kongo hawakuambiwa walichokuwa wakibeba, wala hapakuwa na shirika la kukagua chochote. IAEA ilianzishwa mwaka 1957, na Wabelgiji walifunga mgodi kwa saruji kabla ya uhuru wa 1960.

Lakini saruji haikumaliza shida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi Shinkolobwe kutafuta kobalti. Januari 2004 rais Joseph Kabila aliamuru mahali hapo pafungwe. Julai mwaka huo shimo likaporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Ndipo wataalam wa Umoja wa Mataifa, pamoja na IAEA, walipofika kupima.

Miaka hiyo hiyo Kongo ilionja ubaya wa kushtakiwa bila daftari la kujitetea. Oktoba 2002, majasusi wa Marekani waliandika kwamba Irak ilitafuta urani Niger, Somalia na pengine Kongo. Machi 2003 IAEA ilitangaza kwamba nyaraka za Niger zilikuwa za kughushi. Siku chache baadaye Irak ikavamiwa hata hivyo, na bomu la nyuklia halikupatikana. Julai 2006, ripoti ya wataalam wa Umoja wa Mataifa ilitaja urani iliyokamatwa Tanzania ikitokea Lubumbashi. Mwezi uliofuata gazeti la Sunday Times la Uingereza likaandika kwamba mzigo huo ulifichwa katika koltani na ulikuwa ukielekea bandari ya Bandar Abbas, Iran.

Hapa kuna jambo la kueleweka vizuri. Koltani yenyewe huwa na chembe za urani na thori, ndiyo maana inasafirishwa kwa masharti ya vitu vyenye mnururisho. Kipimo kikilia bandarini, hakimaanishi kwamba mtu anatengeneza bomu. Urani ghafi inahitaji maelfu ya mashine za kurutubisha kabla ya kuwa hatari ya namna hiyo. Lakini bila cheti cha kuaminika kutoka mahali mzigo ulipoanzia, hakuna wa kulieleza hilo, na jina la Kongo linabaki gazetini.

Ripoti hiyo hiyo ya 2006 ilisema masanduku zaidi ya 50 yenye urani au sesiamu yalikuwa yamekamatwa ndani na kandokando ya Kinshasa kwa miaka michache. Anayeletewa kopo zito la chuma na kuambiwa ni utajiri anatapeliwa, au anapewa kitu kinachoweza kumchoma mwili na kuugua yeye na familia yake.

Kinu kilicholala Kinshasa

Kongo pia ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kuwa na kinu cha nyuklia. TRICO I kiliwaka mwaka 1959 katika chuo kikuu cha Lovanium, kwa msaada wa Marekani. TRICO II kilifuata mwaka 1972. Katika miaka ya 1970 fito mbili za mafuta ya kinu zilipotea. Moja ilipatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa mafia. Nyingine haijulikani iko wapi. TRICO II kilisimamishwa mwaka 2004.

Mwaka 2003 Kongo ilikubali itifaki ya ziada, inayowapa wakaguzi wa IAEA ruhusa pana zaidi. Iran ilitia saini itifaki ya aina hiyo mwaka huo huo, kisha ikaacha kuitekeleza 2006. Kwa karatasi, Kinshasa iko mbele. Kwa vitendo, Novemba 2007 madini yenye mnururisho yaliyokamatwa, ambayo yalitakiwa kupelekwa Shinkolobwe, yalimwagwa katika mto Mura karibu na Likasi. Tatizo la Kongo halikuwa kumfungia mkaguzi mlango. Lilikuwa serikali isiyojua kinachopita mlangoni.

Esansi na kura

Siku Israeli ilipoanza mashambulizi, bei ya pipa la mafuta ilipanda kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2025, karibu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani ilipita mlango wa bahari wa Hormuz, mbele ya Iran. Esansi ya mashariki ya Kongo inaingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na nyingi inatoka Ghuba. Hakuna anayeuliza wavuvi wa Ubwari kuhusu Fordow, lakini vita vikirudi, injini zao zitalipa.

Ndiyo maana kiti cha New York si heshima tu. Urusi na China zinakataa kwamba vikwazo juu ya Iran vimerudi kihalali. Septemba 26, 2025, zilipotaka muda uongezwe, zilipata kura 4 tu dhidi ya 9, na mbili hazikuegemea upande. Kongo iliukuta mzozo huo mezani. Iliukuta ikiwa imetia saini, Desemba 4, 2025, ushirikiano na Marekani juu ya madini, na ikiwa inaitegemea Washington kuishinikiza Rwanda. Ni vigumu kumpigia kura ya kumpinga mtu unayemwomba akuzimie moto nyumbani.

Hata hivyo kuna msimamo ambao Kongo inaweza kuushika bila kumfuata yeyote kipofu: wakaguzi warudi, na mitambo inayokaguliwa isishambuliwe. Afrika ina mfano wake. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja, ikajiunga na mkataba mwaka 1991 na kuwafungulia IAEA milango. Madaftari yalikaguliwa, na neno lake likaaminiwa.

Watu wa Fizi hawahitaji kufundishwa thamani ya jambo hilo. Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira siku chache baada ya sherehe ya Washington, familia nyingi zilikimbilia upande wa Baraka. Karatasi za amani zilikuwepo, na huko Doha chombo cha kuthibitisha usitishaji wa vita kilikuwa kimekubaliwa tangu Oktoba. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama barabarani, kuona nani anavuka mstari, na kuaminiwa anaposema. Nchi inayoomba mashahidi kwa ajili ya Kivu ina sababu ya kuomba mashahidi kwa ajili ya Natanz pia, hata rafiki zake wakikunja uso.